Kisangani: tairi kubwa si dawa ya barabara mbovu

Mvua za mwezi wa tisa zikianza kunyesha Kisangani, kazi haikosi kwenye vibanda vya mafundi wa matairi, wale ambao kila mtu mjini anawaita kwado. Mwenye pikapu anafika, anazunguka gari lake, kisha anatoa simu na kuonyesha picha: Hilux imeinuliwa juu, janti nyeusi zinang'aa, matairi mapana yametokeza nje ya mbavu za gari. Anataka la kwake lifanane na lile. Urembo umo, lakini hasa anafikiria safari. Wiki ijayo ana mzigo wa kupeleka Bafwasende, na amesikia kwamba njia imeharibika tena.

Swali lake ni la haki. Shida iko kwenye jibu analopewa mara nyingi: weka kubwa zaidi.

Jibu hilo linauzwa kwa urahisi kwa sababu linaonekana kwa macho. Lakini pikapu ya Tshopo haifanani na ile ya kwenye picha. Ile ya Dubai, ya Australia au ya Marekani inatoka Jumamosi kucheza kwenye mchanga na kurudi nyumbani tupu. Ya hapa inabeba mapipa ya mawese, magunia ya mchele, mabidoni, mbuzi wawili, na juu ya hayo yote mama mwenye mtoto mgongoni na kijana anayerudi shuleni. Tairi likipasuka kwenye mteremko au gurudumu likichomoka kwenye daraja la miti, watakaoumia ni watu ambao hawakuulizwa chochote wakati tairi hilo linachaguliwa.

Ndiyo maana jambo hili si la mwenye gari peke yake. Kwa pikapu inayofanya kazi katika jimbo hili, tairi zuri ni lile lenye kipimo cha kiwanda au kilicho karibu nacho, lenye nguvu ya kubeba mzigo, lenye meno ya potopoto, na ambalo halijazeeka. Pesa inayobaki inunue tairi la pili la akiba na pampu. Na viongozi wasidhani kwamba raia akijinunulia matairi makubwa, deni la barabara limelipwa.

Njia zinazowatesa watu

Hakuna anayekosea kwa kuogopa njia hizi. Kutoka Kisangani kwenda Banalia, kwenye njia ya Buta, ni kilometa 128. Kutoka Kisangani kwenda Bafwasende, kwenye barabara ya kitaifa namba 4 inayoendelea hadi Nia-Nia, Mambasa na Beni, ni kilometa 262. Nyingine inaelekea Lubutu na Kivu. Upande wa pili wa mto, kuanzia Lubunga, kuna njia za Ubundu na Opala. Ukitoka mjini, lami inaisha mapema na udongo mwekundu unaanza.

Udongo huo ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukilowa, sehemu ya juu inageuka sabuni. Na hapa msitu wa ikweta haujui kiangazi kirefu: mvua inanyesha karibu mwaka mzima, ikizidi nguvu mara mbili, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na tena kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja. Miti mirefu inaizuia njia isipate jua. Maji yasipopata mfereji wa kutokea, yanakaa katikati ya njia. Lori la tani ishirini linapita, linachimba mitaro miwili. La pili linaifuata ileile. Baada ya wiki moja, mitaro inafika magotini, na katikati yake unabaki mgongo wa udongo unaosubiri tumbo la gari dogo.

Mwenye pikapu anaujua mgongo huo vizuri. Gari lake linaupanda, ekseli inakaa juu ya udongo, magurudumu yanazunguka hewani, na safari inageuka kazi ya majembe. Kwa hiyo anataka gari lake liinuke. Hapo ndipo hesabu inapaswa kuanza, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Hesabu ya sentimeta

Pikapu nyingi za Hilux zinavaa tairi lenye maandishi 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, ukihesabiwa kama asilimia ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha janti kwa inchi. Ukizijumlisha, tairi hilo lina kimo cha milimita 776 hivi. Tairi kubwa linalopendwa na wengi kwa janti hiyohiyo ni 285/70R17, lenye kimo cha karibu milimita 831.

Tofauti ni milimita 55. Lakini gari haliinuki kwa milimita 55. Ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo inapanda kwa nusu tu: sentimeta 2.7. Hizo ndizo sentimeta mteja anazonunua kwa bei ya matairi manne mapya, au matano akikumbuka la akiba. Mtaro uliochimbwa na malori una kina cha nusu mita. Sentimeta 2.7 zitamsaidia kwenye mtaro mdogo na kwenye jiwe. Kwenye shimo lile analoliogopa, atakwama sentimeta chache mbele ya jirani yake.

Na sentimeta hizo zina gharama. Gurudumu lililokua kwa asilimia 7 ni kama gari limebadilishiwa gia zote kuwa nzito zaidi kwa asilimia 7. Mashini inapaswa kufanya kazi zaidi ili kuondoka, hasa kwenye kilima na mzigo mgongoni. Dereva anaikanyaga zaidi, ambreyaji inateleza na kuungua, mafuta yanakwenda. Freni ni zilezile za kiwanda, lakini sasa zinasimamisha gurudumu zito na refu zaidi. Saa ya mwendo nayo inaanza kudanganya: ikionyesha 80, gari linakwenda karibu 86. Dereva anafikiri yuko salama kumbe hayuko.

Kuna pia jambo linaloonekana siku ya kwanza ya safari yenye mzigo. Kwenye kibanda, gari likiwa tupu, tairi kubwa linaingia vizuri. Likibebeshwa tani moja, springi zinashuka. Usukani ukikatwa hadi mwisho, meno ya tairi yanakula plastiki ya ndani, kisha bati, na mara nyingine yanagusa bomba la freni. Kwado yuko Kisangani, gari liko kilometa 90 ndani ya msitu.

Upana una kazi yake, lakini si hapa

Wengi wanaamini kwamba tairi pana linashika zaidi. Linashika zaidi kwenye mchanga mlaini, kwa sababu linautandaza uzito na gari linaelea juu. Ndiyo maana watu wa jangwani wanalipenda, na kwao ni sahihi.

Potopoto ya Tshopo, sehemu nyingi, ina tabia nyingine. Juu kuna ute, chini kuna udongo mgumu. Tairi jembamba linaukata ute huo na kuugusa udongo mgumu ulio chini. Pana linabaki juu, linateleza kama mtumbwi. Mtu anayetilia shaka aangalie Land Cruiser za kazi zinazopita Kisangani kila siku, zile za pikapu zenye mashavu yaliyonyooka. Kwa miaka mingi zimetoka kiwandani na tairi la 7.50R16. Upana wake ni inchi saba na nusu, yaani sentimeta 19, wakati tairi la 285 lina sentimeta 28 na nusu. Aliyechagua tairi hilo jembamba alitengeneza gari la kazi, na gari hilo limefika kila kona ya nchi hii.

Ziko sehemu ambazo potopoto haina chini, ambapo hata trekta linazama. Hapo hakuna tairi linalosaidia. Linalosaidia ni kamba ya kuvutia, majembe, miti ya kutandika chini ya magurudumu, na vijana wa kijiji ambao wanajua thamani ya kazi yao.

Namba inayosahauliwa

Kwenye ubavu wa kila tairi, baada ya kipimo, kuna namba nyingine ndogo ambayo wauzaji hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi. Ndiyo inayosema tairi linaweza kubeba kilo ngapi. Namba 108 maana yake ni kilo 1,000. Namba 112 ni kilo 1,120. Namba 121 ni kilo 1,450. Matairi mawili yenye kimo na upana sawa yanaweza kutofautiana kwa zaidi ya kilo 300 kila moja, kwa sababu moja lilitengenezwa kwa ajili ya jipi ya familia na lingine kwa ajili ya gari la mizigo. La mizigo mara nyingi lina herufi C baada ya kipimo, au LT kabla yake.

Namba hiyo ni muhimu kwa sababu ya jinsi pikapu inavyopakiwa hapa. Pipa la lita 200 la mawese, pamoja na bati lake, lina uzito wa karibu kilo 200. Mapipa manne ni kilo 800. Ukiongeza watu kumi wa kilo 60, umefika kilo 1,400. Hilux ya kawaida imetengenezwa kubeba karibu tani moja, na hesabu hiyo inamhusu pia dereva na kila abiria. Sehemu kubwa ya mzigo huo inakaa juu ya magurudumu mawili ya nyuma. Tairi la familia lililofungwa hapo linajikunja kwenye kila shimo, linapata joto, nyuzi za ndani zinaachana, na siku moja linapasuka bila kutoa taarifa.

Mwenye pesa ya kubadilisha matairi anapaswa kuitumia kwanza kwenye namba hii kabla ya kufikiria kimo. Na hata hapo akumbuke: tairi lenye nguvu haliongezi nguvu ya ekseli, ya springi wala ya freni. Kiwango cha mzigo kilichowekwa na kiwanda kinabaki kilekile.

Janti nzuri na janti inayofaa

Janti ndiyo sehemu ya biashara hii yenye hatari iliyofichika zaidi. Hilux yenye nguvu ya magurudumu manne ina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser ya pikapu ya miaka hii ina bolti tano kwenye duara la milimita 150. Janti za moja haziingii kwenye nyingine, na fundi anayesema atatoboa matundu mapya afukuzwe palepale. Tundu la katikati nalo linapaswa kukaa sawasawa kwenye kitovu cha gurudumu. Likiwa kubwa mno, uzito wote unabebwa na bolti peke yake.

Kisha kuna suala la janti kutokeza nje. Ile ya kwenye picha inapendeza kwa sababu inalipeleka tairi nje ya gari. Wengine hawanunui hata janti: wanaweka vipande vya chuma kati ya kitovu na janti ya zamani ili kupata sura hiyo. Kila sentimeta inayotoka nje inageuka mkono mrefu unaozinyonga gololi za gurudumu na viungo vya usukani. Kwenye lami ya mjini gari linaweza kuvumilia. Kwenye mashimo ya njia ya Lubutu, likiwa na mzigo, gololi zinakufa mapema, na gurudumu lenye gololi zilizokufa halina uhakika wa kufika.

Aluminiamu au chuma? Kwa gari la mjini, kila mtu na pesa yake. Kwa gari la njia ya mbali, chuma kinashinda. Janti ya chuma ikigonga jiwe inapinda, na kwado wa kijijini anaweza kuinyoosha kwa nyundo hadi ishike upepo tena. Ya aluminiamu ikigonga vibaya inapasuka, na hakuna nyundo ya kuiponya. Tena nati zake mara nyingi si sawa na za janti ya chuma: umbo la sehemu inayokaa kwenye janti linatofautiana. Anayebadilisha janti bila kubadilisha nati anafunga gurudumu ambalo litajifungua lenyewe. Na hata nati zikiwa sahihi, zinapaswa kukazwa tena baada ya kilometa 50 hadi 100 za kwanza.

Kipenyo pia kina maana. Janti ya inchi 18 au 20 inakula nafasi ya ubavu wa tairi, na ubavu ndio unaomeza mashimo. Tena mwenye gari ajiulize swali moja la kawaida: tairi langu likikatika Bafwaboli, nani atakuwa na lingine kama lile? Tairi la inchi 16 la kazi linaweza kupatikana hata kwa mwenye kilori. La inchi 20 litasubiriwa kutoka Butembo, au kutoka Kinshasa kwa mto.

Jambo la mwisho kuhusu janti linawahusu kwado wenyewe. Janti za zamani za Land Cruiser zina duara la chuma linalofunga tairi kwa nje. Duara hilo lisipokaa vizuri, linaruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Kijana asiiname juu yake. Janti ifungwe kwa mnyororo au iingizwe ndani ya kizimba cha vyuma, na anayejaza asimame pembeni akitumia mpira mrefu. Mnyororo unagharimu kidogo kuliko mazishi.

Tairi la zamani lenye sura mpya

Matairi mengi makubwa yanayouzwa mjini ni ya mtumba. Yametumika nje, yakatolewa, yakasafiri hadi hapa. Meno yake bado ni marefu, yamepakwa rangi nyeusi yakang'aa, na bei inavutia. Lakini mpira unazeeka hata bila kutembea.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Ni namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni tairi lililotoka kiwandani katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishapita miaka sita, linahitaji kuangaliwa kwa makini kila mara. Miaka kumi ndiyo mwisho unaotajwa na viwanda vingi, hata kama meno bado ni mazima. Nyufa ndogo kwenye ubavu, hasa karibu na janti, ni onyo tosha. Na ikiwa sehemu ya namba hizo imekwanguliwa, mnunuzi asitafute maelezo: aondoke.

Tairi jipya la kipimo cha kawaida ni bora kuliko tairi kubwa la miaka kumi na mbili, hata bei zikiwa sawa.

Meno na upepo

Mwenye gari akishapata kipimo sahihi, nguvu ya mzigo na umri mzuri, sasa anaweza kufikiria meno. Tairi la meno makubwa yaliyoachana linatapika udongo kila linapozunguka, na linashika pale ambapo tairi la mjini limegeuka mkate. Kwa anayeishi njiani kati ya Kisangani na Bafwasende, linastahili bei yake. Kwa anayezunguka Makiso, Mangobo na Kabondo siku tano na kutoka mjini siku mbili, meno ya katikati yanatosha, kwa sababu yale makubwa yanateleza kwenye lami yenye maji na gari linachelewa kusimama. Mjini humo kuna toleka na pikipiki kila upande. Mita tano za kuchelewa zinaangukia mgongo wa mtu.

Kuna silaha nyingine ambayo haiuzwi dukani: upepo wenyewe. Tairi likipunguzwa upepo hadi kilo moja na nusu, linalala chini na kushika eneo refu zaidi la ardhi. Mara nyingi gari lililokwama linatoka kwa njia hiyo bila kubadilishwa chochote. Lakini upepo ulioondolewa lazima urudishwe kabla ya kuongeza mwendo, hasa gari likiwa na mzigo, la sivyo ubavu unaungua. Kwa hiyo asiye na pampu na kipimo cha upepo ndani ya gari asijaribu. Pampu ndogo inayotumia betri ya gari inagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya tairi moja kubwa, na kwenye shimo la potopoto inasaidia kuliko sentimeta 2.7.

Mashindano ambayo hakuna anayeshinda

Hadi hapa ni habari ya mwenye gari na pesa yake. Lakini matairi makubwa yana athari nyingine ambayo haizungumzwi.

Zamani kila mtu alijua kazi ya barieri ya mvua. Mvua ikinyesha, kizuizi kinashushwa, magari yanasubiri saa kadhaa hadi njia inywe maji yake. Ilikuwa sheria ya busara: gari moja likipita kwenye udongo uliolowa linaharibu kuliko magari mengi yanayopita pakavu. Leo mwenye matairi makubwa anajiona kuwa sheria hiyo haimhusu. Anampa mlinzi kitu kidogo, anapita, magurudumu yanazunguka na kuchimba. Anafika. Nyuma yake ameacha mtaro wenye kina zaidi. Kesho yake mwingine anakwama mahali palepale, na yeye pia anakwenda kwa kwado kuuliza tairi kubwa zaidi.

Katika mashindano hayo kuna wanaoshindwa daima. Ni yule anayesukuma baiskeli yenye mabidoni ya mawese kutoka kijijini. Ni mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali kwa pikipiki. Ni mkulima ambaye mchele wake unapoteza bei kila siku unayokaa kando ya njia. Hawa hawawezi kununua tairi lolote la kuwavusha.

Barabara ya udongo haiuawi na umri. Inauawa na maji yaliyokosa pa kwenda na mzigo uliopita wakati mbaya. Mfereji uliosafishwa, tawi lililokatwa ili jua liingie, tundu lililozibwa likiwa bado dogo: kazi hizi hazihitaji mashini kubwa. Wazee wanawakumbuka wakantonie waliokuwa na kipande chao cha njia na jembe lao. Kamati za kijiji za kutunza barabara, zile zinazoitwa CLER, zimeonyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa tena, mradi malipo yafike kwa wakati.

Na pesa ya kazi hiyo ina anwani. Mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, uliundwa kwa sheria mwaka 2008. Unalishwa na makato kwenye kila lita ya mafuta ya gari na malipo ya kupita njiani. Mwenye pikapu ya Kisangani anauchangia kila anapojaza tangi. Anapolazimika kununua matairi ya ziada kwa sababu njia haipitiki, analipia barabara ileile mara ya pili. Ana haki ya kuuliza mara ya kwanza ilikwenda wapi.

Nani afanye nini

Wenye magari waanze na yaliyo mikononi mwao. Wasome namba nne kabla ya kulipa: kipimo, kilo, umri, na kipimo cha janti. Wabaki na kimo cha kiwanda au kilicho karibu nacho. Wasiongeze mzigo kwa sababu tu matairi yanaonekana ya nguvu. Na mvua ikishusha kizuizi, wasubiri kama wengine.

Wauzaji na kwado wamwambie mteja ukweli, hata kama unapunguza faida ya siku hiyo. Fundi anayekataa kufunga vipande vya chuma kwenye gari la abiria anapoteza mteja mmoja na kuokoa kumi walio nyuma.

Polisi wa barabara, ukaguzi wao usiishie kwenye karatasi. Dakika mbili zinatosha kuangalia bolti, nyufa za tairi na watu walioning'inia juu ya mapipa. Dereva akiwa na hati zote na matairi yaliyokufa, bado hajawa dereva wa kuruhusiwa kubeba watu.

Serikali ya jimbo na Office des Routes, barieri za mvua zirudi kuwa barieri za kweli, zenye mlinzi anayelipwa ili asihitaji kitu kidogo, na zimsimamishe mwenye lori, mwenye pikapu na mkubwa wa serikali kwa usawa. Malori yapimwe uzito kabla ya kuondoka mjini. Na kiasi kinachokusanywa kwenye kila kituo cha malipo kitangazwe kwa raia, pamoja na kipande cha njia kilichotengenezwa kwa pesa hiyo, kwa kilometa na kwa tarehe.

Huko kwenye kibanda, mwenye pikapu bado ameshika simu yake yenye picha. Achukue matairi manne mapya ya kipimo chake, yenye namba ya mizigo na meno ya potopoto, mawili ya akiba, na pampu. Gari lake halitapigwa picha na mtu. Litafika Bafwasende, na watu waliopanda nyuma watashuka kwa miguu yao.